Viti vya Tuzikane

Nabwire hakuwa mtu wa kuombwa kitu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa amekwisha kukataa. Ndiyo maana watu wa Kimumu walimpa ufunguo. Kikundi cha mazishi cha mtaa kilikuwa na tenti mbili, viti vyeupe vya plastiki zaidi ya mia, na masufuria ambayo ng'ombe mzima angeingia ukimkatakata vizuri. Vitu hivyo vyote vilikaa kwa chumba kilicho nyuma ya nyumba yake, na ufunguo ulikaa shingoni mwake pamoja na msalaba. Ukienda kumwomba viti vya harusi, alikuuliza nani amekufa. Ukisema hakuna, alikuambia urudi akifa.

Kikundi kiliitwa Tuzikane, na hakuna aliyekuwa na haki ya kukijali kumshinda yeye. Alikuja Eldoret akiwa msichana, akafanya kazi kwa kiwanda cha nguo, na kiwanda kilipofungwa akaanza kuuza mapazia ya mitumba sokoni. Mwaka wa tisini na nane mumewe Wandera, dereva wa lori la mahindi, akafia barabarani. Nabwire akabaki na watoto wanne, mwili wa mume mochari, na nyumbani kwao Funyula, mbali kama ahera kwa mtu asiye na nauli. Ndugu za marehemu walikuja, wakanywa chai, wakauliza ile redio kubwa itachukuliwa na nani.

Aliyesimama ni jirani. Gathogo alikuwa Mkikuyu wa kuuza viazi, mpole, mwenye pikapu kuukuu ambayo mlango wake mmoja ulifungwa na kamba. Alikuja asubuhi akabisha mlango.

"Mama, nimetoa viazi na nimeosha gari. Twende tumpeleke mzee nyumbani."

Akaendesha mpaka Funyula. Akala omena kwa mara ya kwanza maishani mwake bila kukunja uso, akashika koleo, akarudisha udongo kama mtoto wa boma hilo. Hakuitisha hata ya petroli. Waliporudi, Nabwire na Warigia, mke wa Gathogo, wakakaa kwa ngazi ya jikoni wakasema jambo kama hili lisimpate mtu mwingine akiwa peke yake. Wakaita majirani: Waluhya, Wakalenjin, Wakikuyu, Wakisii, na mama mmoja Mturkana aliyekuwa akisema ukweli mpaka watu wanaomba maji. Wakaanza kuchanga. Wakaweka sheria: vitu vya msiba haviendi kwa harusi, haviendi kwa harambee, haviendi kwa siasa. Hiyo ya siasa aliitaka Gathogo mwenyewe.

"Mimi nilichomewa nyumba Burnt Forest mwaka wa tisini na mbili, nikatoka na suruali moja," alisema. "Siasa ikae kwa viti vyake."

Wote wakapiga makofi, na Nabwire alipiga kushinda wengine.

Sasa mwaka wa elfu mbili na saba chama cha Kinu kilifungua tawi mjini. Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na karani wake alikuwa Walubengo, binamu ya marehemu Wandera, mtu mrefu wa koti moja na kalamu tatu kwa mfuko. Ukiliangalia tawi kutoka barabarani ungesema hapa kuna pesa. Bango lilifunika dirisha lote. Lakini ukipanda juu ulipata tawi lina mwenyekiti, lina makamu, lina mweka hazina, na halina hazina. Kila aliyetaka kugombea alilipa ada, na ada hiyo ilipanda basi kwenda makao makuu Nairobi, isirudi. Kilichorudi ni mabango, fulana na maagizo. Stima ilikatwa mwezi wa saba. Walubengo alinunua krediti ya simu kwa pesa yake mwenyewe, na mshahara wake ulikuwa ahadi ya kazi kaunsilini tukishinda.

Tawi lisilo na pesa hulipa watu kwa vyeo. Wakamfanya Nabwire Katibu wa Akina Mama. Wakampa kofia, leso yenye picha ya kinu, na kiti cha mbele. Mwanamke aliyeachia shule darasa la saba, ambaye watoto wake wa sekondari walikuwa wakimsahihisha Kiingereza mbele ya wageni, sasa anasimama sokoni na wanaume wazima wanamwita Mheshimiwa. Asikudanganye mtu. Hiyo ni tamu. Hata chai aliacha kuweka sukari nyingi.

Jioni moja ya mwezi wa kumi Walubengo akaja, akasimama mlangoni akipangusa viatu muda mrefu kuliko matope yaliyokuwako.

"Shemeji, nimekuja kwa magoti."

"Kwa magoti ulikuja juzi ukaenda na sukari."

"Hii ni kubwa kuliko sukari. Jumamosi mgombea anakuja na wakubwa wa Nairobi. Mtu wa tenti amekataa kabisa. Anasema kwanza tumlipe zile za mwezi wa nane."

"Si mlipe."

"Tumlipe na nini? Nairobi wametuma mabango. Nikimpelekea mabango atakula?"

Nabwire alielewa anakopelekwa. Akashika ufunguo shingoni. "Vile ni vya wafu, Walubengo. Usinianzie."

"Ni Jumamosi moja, shemeji. Nani anakufa Jumamosi?"

Nabwire akacheka, na hapo ndipo alipokosea. Mtu akishakuchekesha mlangoni ameshaingiza mguu ndani.

"Na tena," Walubengo akasema polepole, "Katibu wa Akina Mama atakaa wapi? Chini kwa nyasi, wageni wa Nairobi wakimwangalia?"

Mkokoteni ulikuja asubuhi yake, ukaanza kubeba tenti, viti na masufuria. Njia fupi ya kutoka kwa Nabwire ilipita mbele ya nyumba ya Gathogo, na Warigia alikuwa nje akianika nguo. Nabwire akamwambia mwenye mkokoteni apite njia ya nyuma, kwenye mtaro, ingawa gurudumu lingekwama. Lilikwama. Walisukuma watu watatu, na yeye akiwa mmoja wao, na leso yake mpya ikachafuka matope.

Jumamosi moja ikazaa nyingine. Viti vilitoka mkutano huu vikaenda ule. Tawi halikuwa na pesa ya kuvirudisha, wala ya kumlipa mlinzi, na kila mkutano ukiisha vijana walikwenda nyumbani na kiti begani kama ndio posho yao. Walubengo akapata akili. Nabwire aliiona akili hiyo mara ya kwanza huko Kapseret, mbele ya umati: viti vyote vimepakwa rangi ya damu ya mzee, rangi ya chama, na kwa mgongo wa kila kiti kuna picha ya kinu na mchi.

"Umefanya nini?" akamvuta Walubengo kwa koti.

"Ni kulinda, shemeji! Nani ataiba kiti cha chama? Wakipita navyo barabarani kila mtu ataona."

"Vitatoka?"

"Rangi ni ya maji," Walubengo akasema. Haikuwa ya maji. Ilikuwa rangi ya mabati, iliyobaki kwa mtu aliyejenga choo.

Mgombea akafika, kipaza sauti kikalia, akina mama wakapiga vigelegele, na Nabwire akaitwa mbele. Akakaa. Akapigwa picha. Alijiambia atalisema jambo hilo kwa Tuzikane baada ya uchaguzi, watu wakiwa wametulia. Kwa bahati hakuna aliyekufa Kimumu miezi hiyo. Siku za kufa zilikuwa zinakuja zenyewe.

Kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa siku ya Jumapili, na Jumatatu moshi ukawa kila upande, vijana wa fulana za Kinu wakichoma nyumba za Wakikuyu. Adhuhuri Gathogo na Warigia waliruka ua na binti yao Janice, wameshika blanketi na redio na mtungi wa maji, vitu ambavyo mtu huchukua akiwa hafikirii. Nabwire akawakimbiza kwa chumba cha nyuma, akafungua kufuli. Chumba kilikuwa kitupu. Mahali ambapo hungepata pa kuweka mguu, sasa familia nzima iliingia na nafasi ikabaki.

Warigia akasimama kizingitini. Nyumba yake ilikuwa inashika moto nyuma ya mgongo wake, na bado akauliza.

"Viti viko wapi?"

"Ingia, mama!"

"Nabwire. Viti vya Tuzikane viko wapi?"

"Nimevipeleka kuoshwa. Ingia ndani!"

Akawafungia. Akavaa kofia ya chama, akajifunga leso ya kinu, akasimama langoni mikono kiunoni. Vijana walipofika, aliwatukana matusi ambayo mama zao wangeyasikia wangetafuta pa kujificha.

"Hapa ni kwa Katibu! Mnatafuta nini kwa Katibu? Nyinyi mlikula sima yangu Kapseret mkanyamba kwa tenti yangu, leo mnakuja na panga?"

Wakaangalia kofia, wakaangaliana, wakapita. Kwa hiyo hata hilo ni lazima lisemwe: kile kile cheo ndicho kilichowaokoa. Nabwire angekuwa na raha zaidi miaka iliyofuata kama jambo lingekuwa jeusi au jeupe.

Alasiri lori la polisi likaja. Mzee Kipkorir, jirani wao na mwanachama wa Tuzikane, askari wa msitu mstaafu, akatembea na akina Gathogo mpaka barabarani, amewabebea godoro kichwani mchana kweupe, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Wakapelekwa uwanja wa maonyesho, shouground, mahali ambapo watu walikuwa wamezoea kwenda kuona ng'ombe wa maziwa na sasa walikwenda kulala. Pikapu ya viazi iliungua mpaka kamba ya mlango.

Nabwire aliwapelekea maziwa pale kambini alivyoweza. Gathogo alikuwa ameanza kukohoa. Baridi ya Eldoret unaijua. Haichezi na mtu aliye chini ya turubai. Alikuwa akisema neno moja tu kila siku: "Nikitoka hapa ni Kimumu. Ile ploti ni yangu, na Tuzikane ni yangu." Kila akilisema, Nabwire aliangalia chupa ya maziwa.

Mvua ya mwezi wa nne ilipoanza, kifua kikammaliza. Janice akaja sokoni, akasimama katikati ya mapazia na macho makavu.

"Mama anasema Baba atalala kwa ploti yake. Anasema Tuzikane itoke yote, tenti, viti, sufuria, vile inatokanga kwa kila mtu. Anasema watu wa Kimumu wakikuja wakae na sisi, tutajenga tena pale pale. Wasipokuja, tutajua."

"Watakuja," Nabwire akasema. "Mwambie Mama kila kitu kiko."

Hakikuweko. Tawi la Kinu lilikuwa limekufa kabla ya Gathogo. Waliochaguliwa walikwenda Nairobi kuapishwa na wakabadilisha nambari za simu. Kodi ya ofisi haikuwa imelipwa tangu bango liwekwe, na mwenye jengo, mfanyabiashara mmoja aitwaye Bilal ambaye baba yake alitoka Wajir na ng'ombe zamani, alikuwa ameleta dalali akabeba kila kilichokuwa ndani. Simu ya Walubengo ilisema mteja hapatikani. Nabwire alimfuata mpaka Kapseret, akampata akipima maziwa ya mtu kwa debe, koti lile lile, kalamu imebaki moja.

"Usinipigie kelele, shemeji, nimeshajipigia," Walubengo akasema. "Mwaka mzima sijalipwa. Baiskeli nimeuza. Mheshimiwa nikimpigia anashika mtu mwingine anauliza mimi ni nani."

"Viti, Walubengo. Gathogo amekufa."

Akaweka debe chini. Alikuwa amepanda pikapu ya Gathogo kwenda Funyula kumzika binamu yake. "Walikuwa wanatuambia tawi ndio mizizi ya chama," akasema. "Mizizi hukaa chini ya udongo, na soda hunywewa juu. Viti viko kwa stoo ya Bilal. Twende nikasimame na wewe, hata kama ni kutukanwa tu."

Bilal hakuwatukana. Aliwapeleka nyuma ya duka, akawaonyesha viti vimepangwa mpaka dari, tenti na masufuria kando.

"Mama, angalia mwenyewe. Kila kiti kina muhuri wa chama. Nikiuza hivi, nimeuza vya chama. Wewe unaniambia ni vya matanga. Nani ataamini?"

"Viliazimwa," Walubengo akasema, akiangalia viatu vyake. "Mimi ndiye nilipaka."

"Amekufa nani?"

"Gathogo. Wa viazi."

"Yule wa mlango wa kamba?" Bilal akauliza. Akavua miwani, akasema maneno ya kwao ya msiba. Kisha akaita vijana wake wa mzigo. "Maiti hangojei kesi. Chukueni vyote, na gari langu liwapeleke. Hao wa chama nitakutana nao mimi."

Hivyo ndivyo viti vilivyorudi Kimumu, bure, bila hata kubishana, siku moja kabla ya mazishi. Nabwire alikuwa amejitayarisha kulia, kuomba, kuweka rehani cherehani yake. Hakuwa amejitayarisha kwa rangi.

Yeye na mzee Kipkorir walijaribu mafuta ya taa. Walijaribu petroli, majivu, waya wa kusugulia sufuria. Rangi ilitanda tu, ikawa kama kidonda kilichokunwa, na kinu kikabaki pale kikiwaangalia. Kilikuwa ndicho kinu kilichokuwa vifuani mwa vijana mwezi wa kwanza.

Kipkorir akanyoosha mgongo. "Mama Nabwire, nenda shouground saa hii, ukamwambie."

"Nikamwambie nini?"

"Hivyo hivyo ilivyo. Akisema tukae chini kwa nyasi, tutakaa. Sisi ni watu wa kukaa chini, hakuna mtu alizaliwa na kiti."

Hilo lilikuwa neno, na lau angelifuata, hadithi hii ingekuwa fupi. Muda ulikuwepo na matatu zilikuwa zinapita. Lakini Nabwire alijiona amesimama mbele ya turubai la Warigia akisema, mimi niliyeshika ufunguo. Mdomo uliotukana panga ukakataa.

"Nitafunika," akasema.

"Na nini?"

"Si mimi nauza mapazia?"

Kipkorir akamwangalia, akachukua jembe lake, akaenda kuendelea na kaburi.

Asubuhi ya mazishi ploti ya Gathogo ilikuwa imefagiliwa jivu. Tenti zimesimama. Viti vimevikwa mapazia ya maua, ya mistari, mengine na pindo la dhahabu, yamefungwa fundo kwa nyuma, na Nabwire mwenyewe alipoona akafikiri, kama harusi. Na watu walikuja. Hilo ndilo linalouma. Alikuwa na hofu hawatakuja, na walikuja Kimumu nzima, wa kila kabila, na vijana waliochimba kaburi, wengine ambao ilikuwa afadhali usiwaulize walikuwa wapi mwezi wa kwanza. Yule mama Mturkana alileta kuni. Lori la kutoka shouground likafika na jeneza, na watu wa kambi, na polisi wawili wenye usingizi.

Warigia akashuka. Akaangalia tenti, akaangalia moshi wa jiko, akaangalia umati. Akaja mpaka kwa Nabwire, akamshika mkono kwa nguvu.

"Wamekuja," akasema.

"Nilikuambia."

"Janice alisema niuze. Nikamwambia ngoja tuone." Akafuta macho. "Hata mapazia umetuwekea. Wewe mwanamke una mambo."

Nabwire bado angeweza kusema. Walikuwa wawili, wamesimama kando, mhubiri hajafungua Biblia. Akasema, "Kaa, mama, umechoka."

Ibada ikaenda vizuri. Mhubiri hakurefusha. Kipkorir alisema habari za marehemu kwa maneno machache, kwamba alikuwa mtu wa kuosha gari kabla ya kubeba mzee wa watu. Kisha wakaita mjane aje atie udongo. Warigia akainuka, na kifungo cha sweta yake kilikuwa kimeshika pazia. Likainuka naye, fundo likafunguka, likamfuata nyuma kama shela ya bibi arusi. Mtoto mmoja akacheka. Warigia akageuka kulitoa, na akakiona kiti.

Hakupiga kelele. Alivuta pazia la kiti kilichofuata. Akavuta la tatu. Kinu, kinu, kinu.

"Nabwire," akasema. "Hivi ndivyo vilikuwa vimepelekwa kuoshwa?"

Nabwire akaokota pazia akataka kukivika kiti tena, Warigia akalisukuma kando.

"Nani ameleta mkutano kwa mazishi ya bwanangu?"

Mzee mmoja wa kambini, ambaye nyumba yake ilichomwa na watoto waliovaa picha hiyo, akaangalia kilicho chini ya pazia lake, akasimama. Akasimama jirani yake. Wakasimama safu nzima ya shouground, kisha watu wa Kimumu nao, kwa aibu, kwa sababu utakaaje? Gathogo akazikwa na watu waliosimama, na viti zaidi ya mia vikiwa vitupu katikati yao. Chakula hakikuliwa. Lori likaondoka kabla githeri haijapakuliwa.

Nabwire alikwenda shouground wiki iliyofuata. Warigia alimpokea vizuri, akampa chai, akamwongelesha kama anavyomwongelesha chifu.

"Wale waliochoma sijui majina yao," akasema. "Nitasema ni ujinga wa ujana, ni siasa, nitasema chochote nilale usingizi. Wewe ulijua. Na mimi nilijua. Siku ile ya mtaro nilikuwa naanika nguo, Nabwire, sikuwa kipofu. Nilimwambia Baba Janice, amepeleka viti kwa siasa. Akasema ngoja, atatuambia mwenyewe, yule si mtu wa kuficha."

"Alijua?"

"Alikufa akingoja. Kunywa chai, inapoa."

Tuzikane haikuvunjwa kwa kura. Jumapili ya kuchanga ilifika na watu wakawa na wageni, iliyofuata wakawa na homa. Mtu akifa Kimumu siku hizi familia inakodisha tenti mjini, na mwenye tenti anakaa kando akiangalia saa. Ufunguo Nabwire aliutoa shingoni, msalaba ukabaki peke yake. Kofia ya Katibu aliitupa kwa choo. Miaka baadaye, kaunti zilipokuja, Walubengo alipanda tena ngazi na koti jipya. Alikuwa katibu wa kaunti wa chama kingine, kilichokuwa na deni la kodi kabla hata ya kupata ofisi. Alituma salamu kuuliza kama vile viti bado viko, ati rangi watabadilisha. Nabwire alimrudishia salamu ambayo aliyetumwa alikataa kuifikisha.

Lakini kabla ya hayo kuna siku ya ploti. Mwaka wa elfu mbili na tisa Warigia alirudi kutoka Nyahururu, kwa ndugu yake, kuja kutia sahihi. Nabwire alipata habari akaacha mapazia sokoni, akaenda kungoja nje ya ofisi ya wakili. Warigia akatoka na Janice, amekonda, amevaa koti zuri ambalo Nabwire hakulijua. Hilo lilimshangaza, kwamba mwenzake ana nguo asizozijua.

"Umeuza."

"Nimeuza. Baba Janice nimemwachia pale pake. Mnunuzi amekubali kuweka ua."

"Nitaangalia kaburi."

"Angalia. Sikukatazi."

Watu wakapita kati yao na magunia. Nabwire akasogea.

"Nilikosea, Warigia. Ilikuwa nikuambie siku ya kwanza. Ilikuwa nikuambie hata siku ya mwisho."

"Ndiyo," Warigia akasema, bila hasira. "Ilikuwa uniambie."

Janice alikuwa ameshavuka barabara, anaita. Nabwire akajaribu kucheka, kile kicheko cha ngazi ya jikoni. "Na mimi nikifa je? Si tulisema tutazikana?"

Warigia akarekebisha mkoba begani.

"Utazikwa, Nabwire. Hakuna mtu hubaki juu."

Kisha akaenda. Alikuwa ameishi mji huo miaka zaidi ya kumi na mitano, lakini pale ukingoni mwa barabara alisimama, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaangalia kulia tena, kama mgeni aliyeshuka kutoka basi asubuhi hiyo.